Barazani Kwetu: Meno Mapya kutoka Uturuki



Juma hili barazani pana barua moja tu. Ni ndefu, na jambo lake haliwezi kujibiwa kwa mistari mitatu. Imetoka kwa mama mmoja wa huko chini ya Mlima Meru. Jina lake tumeliacha, kama ilivyo desturi yetu. Mama huyu ana binti wa miaka 26 ambaye yuko Uingereza, akifanya kazi ya kuwatunza wazee. Ni mtoto mwema. Hutuma fedha nyumbani, naye ndiye aliyewalipia wadogo zake ada ya shule. Tangu aondoke hajapata kuomba kitu. Sasa ameomba. Anataka nyumbani wauze ng'ombe wawili wamwongezee fedha, ili aende Uturuki akatengenezewe meno ishirini, kumi ya juu na kumi ya chini, kwa muda wa siku saba tu, pamoja na chumba cha hoteli. Mama anauliza: "Nikimkatalia, nitakuwa mchoyo kwa mtoto aliyenisaidia. Nikimkubalia, je, namsaidia kweli au namwumiza?"

Meno ya binti huyu yana ubaya gani? Hayaumi. Hayana matundu. Ni ya kahawia, basi.

Wasomaji wetu wa Arumeru hawahitaji kuelezwa maana yake. Lakini ndugu zetu wa Songea na Bukoba watashangaa, kwa hiyo nieleze kidogo. Katika nchi ya milima iliyowahi kutoa moto, maji ya chemchemi hupita katika mawe yenye madini yaitwayo floridi. Kidogo chake ni dawa ya meno, na ndiyo maana hutiwa katika dawa ya mswaki. Kikizidi huharibu. Shirika la Afya la Dunia limeweka kipimo cha miligramu moja na nusu katika lita moja ya maji, na chemchemi nyingi za kuzunguka Meru hupita kipimo hicho mara nyingi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa mpaka miaka minane hivi, yatatoka yakiwa na mabaka meupe, au ya manjano, au ya kahawia. Jino likisha kuumbwa, maji hayo hayawezi tena kulibadili rangi yake. Basi meno ya binti huyu yalikwisha kupata rangi yao kabla hajapokea Komunio ya kwanza. Hakukosa kupiga mswaki. Hakuwa mchafu. Alikunywa maji ya nyumbani kwao, kama watoto wenzake wote.

Huko nyumbani hakuna aliyemcheka, maana wote ni wamoja. Taabu ilianza alipokwenda kusoma mbali. Mama anaandika kwamba tangu siku zile binti hacheki bila kufunika mdomo kwa kiganja, na katika picha zote alizotuma kutoka Uingereza amefunga midomo. Hapo nilisimama nikaiweka barua chini. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno makali juu ya wasichana na vioo. Nimeyafuta. Kutaka kucheka mbele ya watu bila haya si dhambi, wala si majivuno.

Haya, tuje kwenye safari yenyewe. Kwa nini Uturuki, na si hukohuko Uingereza anakokaa? Sababu ni fedha. Uingereza ilianzisha matibabu ya bure kwa watu wote tarehe 5 Julai 1948, na meno yalikuwamo. Watu walifurika, hata kabla miaka minne haijaisha serikali ikaanza kudai malipo kwa kazi za meno. Malipo hayo yapo mpaka leo, na wengi hawampati daktari wa meno wa serikali hata wakiwa tayari kulipa. Tena serikali hailipii urembo. Anayetaka meno meupe hana budi kwenda kwa daktari wa kujilipia, na huko jino moja tu la kupandikizwa laweza kufika pauni 2,000 na kuzidi. Katika Istanbul na Antalya kazi kama hiyo hufanywa kwa nusu ya bei, au chini ya hapo, na matangazo yake hayamwachi kijana apumzike. Kila afunguapo simu yake anaona mtu anacheka na meno kama mahindi machanga.

Wala si Waingereza peke yao wanaosafiri kwa ajili ya meno. Marekani ilipoweka bima ya wazee mwaka 1965, matibabu ya kawaida ya meno yaliachwa nje. Ndiyo sababu wazee wengi wa huko huvuka mpaka kuingia Meksiko. Pana mji mdogo uitwao Los Algodones, karibu na Yuma katika Arizona, ambao mtu aweza kuutembea wote kwa miguu asubuhi moja, nao una mamia ya madaktari wa meno. Wazee huacha motakaa zao upande wa Marekani, huvuka kwa miguu, hutibiwa, hununua dawa na miwani, wakarudi kula chakula cha jioni kwao. Vivyo hivyo watu wa Austria huenda Hungaria, katika mji wa Mosonmagyaróvár, ambao kutoka Vienna ni mwendo wa saa moja hivi kwa motakaa.

Je, wote hawa wamedanganywa? Hasha. Wengi hurudi wameridhika, na wengine hurudi miaka na miaka kwa daktari yuleyule. Bei nafuu peke yake si ushahidi wa kazi mbovu. Kodi ya nyumba ni ndogo, mishahara ni midogo, fundi wa kutengeneza meno hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa London. Uturuki ina madaktari hodari waliosoma sana. Yeyote anayemwambia mama huyu kwamba Waturuki hawajui meno anasema uongo, na binti yake atajua mara moja kuwa ni uongo, kisha hatasikiliza neno jingine lolote kutoka nyumbani.

Lakini tazameni jambo moja katika habari za wale wazee wa Arizona na watu wa Vienna. Jino likiuma Jumatatu, Jumanne wako kwa daktari wao. Hapo ndipo unafuu wao ulipo. Hawakununua meno tu, bali wana daktari wanayeweza kumrudia. Binti wetu atakuwa na meno katika mji mmoja wa Uingereza, na aliyeyatengeneza atakuwa Antalya, ng'ambo ya bara zima. Akivimba ufizi mwezi wa pili atahitaji tikiti ya ndege, chumba cha kulala, na ruhusa ya kazini. Na sisi wenye pasipoti za huku tunajua mambo ya viza. Karatasi ya dhamana ya miaka mitano husema kazi itarudiwa bure. Soma vizuri: kazi ni bure, nauli ni yako. Akitaka kushtaki, pengine itampasa ashtaki katika nchi ya watu, kwa lugha ya watu. Na daktari wa Uingereza akiona kinywa kilichotengenezwa na mwingine, mara nyingi husita kukigusa, asije akabeba lawama ya kazi isiyo yake. Akikubali, atatoza bei ileile ambayo binti aliikimbia.

Hata hivyo hilo si kubwa kuliko yote. Lililonifanya nichukue kalamu ni lile neno "meno ishirini kwa siku saba."

Mama, sikiliza vizuri, kisha umweleze mwanao polepole. Kuna namna mbili za kulifunika jino. Ya kwanza ni kubandika mbele yake ganda jembamba la kaure, jembamba kama ukucha. Jino hukwanguliwa kidogo tu, na pengine halikwanguliwi kabisa. Ya pili ni kulivisha jino kofia nzima. Ili kofia iingie, jino huchongwa pande zote mpaka linabaki kama kijiti kilichochongwa ncha, na waliopima wameona kwamba sehemu ya jino inayoonekana nje ya ufizi hupungua karibu theluthi mbili. Kofia si kitu kibaya. Jino lililooza sana au kuvunjika, lililokwisha kuzibwa mara tatu, kofia ndiyo wokovu wake. Lakini chama cha madaktari wa meno wa Uingereza kimewaonya watu wao kuwa wengi huenda ng'ambo wakidhani wanabandikwa maganda membamba, kumbe wanavishwa kofia, na meno mazima yasiyo na ugonjwa yanachongwa yote. Kwa nini? Kwa sababu kofia ni rahisi na ya haraka, nayo hufunika rangi yoyote kwa siku chache. Maganda membamba yanataka subira na mkono mwepesi.

Ngozi ngumu ya jino haioti tena. Nywele huota, ukucha huota, hata mfupa uliovunjika huunga. Ngozi ya jino ikisha kukatwa imekwenda. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa, iliyo hai. Ukilichonga jino karibu na nyama hiyo, baadhi ya meno hufa polepole, pengine baada ya mwezi, pengine baada ya miaka, na hapo huja maumivu ya usiku, usaha, na kazi ya kusafisha mizizi. Na kofia zenyewe hazidumu milele. Miaka kumi au kumi na mitano ni maisha ya kawaida. Basi hesabu, mama. Binti ana miaka 26. Akifika 40 atahitaji kofia nyingine ishirini, akifika 55 nyingine, akifika 70 nyingine, na kila mara jino lililo chini linazidi kupungua, mpaka mengine yatafika mahali pa kung'olewa. Ng'ombe wawili wanalipa mara ya kwanza tu. Nani atalipa mara ya pili? Hili tangazo halisemi.

(Nikiandika haya nimekumbuka kwamba zamani baadhi ya makabila yetu, kama Wakamba na Wamakonde, walikuwa wakichonga meno ya mbele kuwa na ncha, na wageni kutoka Ulaya walitikisa vichwa wakasema, huo ni ushenzi. Leo wajukuu wa wageni hao wanapanda ndege kwenda kuchongwa meno ishirini kwa mara moja. Wazee wetu walichonga machache, wala hawakudai nauli.)

Tena kuna hili la meno ya kahawia yenyewe. Mara nyingi jino lenye rangi ya floridi ni gumu, na ni baya kwa sura tu. Yako yaliyoharibika zaidi, yenye vishimo na kumeguka, na hayo yanataka kazi kubwa. Lakini kwa mengi yako matengenezo madogo: daktari husugua ngozi ya juu kabisa kwa dawa na unga maalumu, au huyang'arisha kwa dawa ya kufanya weupe, au hupaka juu ya baka dawa ngumu yenye rangi ya jino, ileile ya kuzibia matundu. Pengine meno manne au sita ya mbele yakipata matengenezo hayo yatosha, maana ndiyo yaonekanayo mtu akicheka. Matokeo hayatakuwa meupe kama sahani. Yatakuwa meno ya mtu, na ya chini yake yatabaki mazima.

Na ni nani ayajuaye meno haya? Daktari wa Istanbul huenda akayaona mara moja moja. Madaktari wetu waliofundishwa Muhimbili na kufanya kazi Arusha na Moshi huyaona kila siku. Kwa hiyo, mama, shauri langu la kwanza ni hili: mwambie mwanao kwamba atakapokuja likizo, kabla ya kukatwa hata jino moja popote, aende kwa daktari wa meno wa huku akaoneshe kinywa chake. Atauliza kwa lugha yake mwenyewe na kujibiwa kwa lugha hiyo. Likizo haiku karibu? Basi alipe huko Uingereza ada ya kutazamwa tu, na daktari ambaye hatafaidi chochote kwa jibu lake, ampige picha ya mizizi na kumwambia hali ya meno yake. Ni fedha kidogo ukiilinganisha na ng'ombe.

Baada ya hapo, akiwa bado ana moyo wa kwenda Uturuki, ni mtu mzima, wala hatuwezi kumfunga kamba. Lakini asitume fedha kabla hajapata majibu kwa maandishi. Ni maganda au kofia, na kwa kila jino kwa nini? Jino gani litachongwa, na kwa kiasi gani? Daktari ni nani kwa jina, na ameandikishwa wapi? (Sauti tamu ya kwenye simu mara nyingi ni ya mfanyabiashara, wala hajapata kushika koleo.) Likitokea baya, nani atalipa nauli? Mahali ambapo hawataki kuandika majibu ya maswali hayo, wamekwisha kujibu. Na akifika, akasikia mpango umebadilika, kwamba yale sita yamekuwa ishirini, asione haya kuondoka kitini. Haya hiyo ndiyo inayowaponza wengi: wamekwisha kulipa hoteli, wamekwisha kuaga marafiki, wanaogopa kurudi na meno yaleyale.

Juu ya vyombo visivyochemshwa sawasawa katika mvuke mkali, na magonjwa ya ini na virusi vya UKIMWI yanayoweza kupita hapo, sisemi mengi, kwa maana swali hilo ni la kuuliza katika kila nyumba ya tiba, ya Istanbul au ya sokoni kwetu. Wang'oa meno wa magulioni nao wasidhani tumewasahau.

Msomaji mwingine atauliza: na mimi niliyepoteza meno, je, ya kupandikiza? Hayo ni mambo mengine. Mswidi Brånemark aligundua mwaka 1952 kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani, na mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza. Lakini mfupa hauna haraka. Kwa kawaida hutaka miezi mitatu mpaka sita ndipo ushike vizuri, kwa hiyo safari ni mbili, si moja, na mwenye kukuahidi yote kwa juma moja umwulize mara mbili.

Wakristo wa kale waliijua taabu ya meno. Walimchagua Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria kuwa mwombezi wa wenye kuumwa meno, kwa kuwa watesi walimvunja meno yake kabla ya kufa kwake mwaka 249, na sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Binti ana ruhusa ya kumwomba hata kwa meno yasiyouma.

Sasa, mama, umeuliza swali la moja kwa moja, nami nitajibu hivyo. Fedha ya kuchonga meno ishirini mazima, usitoe. Mwambie wazi, lakini usimwambie kwa simu mbele ya ndugu zake, wala usiseme neno la vioo na majivuno. Anza na kile kiganja kinachofunika mdomo. Mwambie umekiona. Mwambie pia kwamba akija kutengenezwa yale manne au sita ya mbele, nyumbani mtachangia kwa moyo mkunjufu, maana deni la ada za wadogo zake mnalikumbuka.

Na katika ukurasa wako wa mwisho umetaja, kama kwa kupita, mjukuu wa miaka miwili unayeishi naye. Mama, huyo ndiye mwenye haraka. Meno yake ya ukubwa yanaumbwa sasa hivi. Kuyachemsha maji hakuondoi floridi. Huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Mpikieni uji na chai yake kwa maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi kabisa. Bati likioshwa na mvua ya kwanza, tekeni ya pili. Magadi ya kulainishia maharage na makande, yaacheni katika chungu cha mtoto, maana magadi nayo huwa na floridi nyingi. Wataalamu wa serikali walioko Ngurdoto, hapo Arumeru, wamefanya kazi miaka mingi juu ya kuchuja maji kwa mifupa iliyochomwa. Mzee wa kigango aweza kwenda kuwauliza kwa ajili ya kijiji kizima.

Ukimwuza ng'ombe mmoja kwa mfereji wa bati na tangi la maji, sitakuzuia. Wa pili mwache zizini. Floridi haipiti kwa wingi katika maziwa, na mtoto wa miaka miwili anayahitaji kila siku.